Baraka ya Baba Mdogo

Jamaa zangu wa milimani na wa bondeni, ketini niwaambie yaliyoipata nyumba ya Thadeus wa Mwanda. Mimi ni jirani yao, ua wetu ni mmoja, na sikusimuliwa.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba. Ukungu wa jioni ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na Dinah, mkewe Thadeus, alikuwa akipukuchua maharagwe. Fanuel, mwana wao wa kwanza, alikuwa amemaliza shule ya sekondari, tena kwa sifa, hata mwalimu mkuu akapanda kilima kuja kumpa Thadeus mkono. Nyumba ilikuwa na raha. Shauri lilibaki moja tu: kijana aende wapi?

Chuo cha ualimu kilikwisha kumpa nafasi. Lakini Fanuel alitaka uhasibu, na si ule ukarani wa kujumlisha tu. Alitaka kuwa mhasibu mwenye hati, yule ambaye asipotia sahihi hesabu za kampuni, hata Mzungu mwenye shamba hapati usingizi. Njia yake ilikuwa nyembamba. Kijana huingia ofisi ya wahasibu kama mwanagenzi, akafanya kazi chini yao miaka kadhaa huku akisomea mitihani inayotoka Uingereza. Kwa kijana Mwafrika siku zile, mlango huo haukufunguka kwa kubisha. Lazima mtu akutaje.

Na mtu alikuwapo. Alexander, mdogo wake Thadeus, alikuwa karani katika shamba la mkonge upande wa Mwatate, na kila mwaka mkaguzi wa hesabu alikuja hapo kutoka Mombasa. Jioni hiyo Alexander alifika na tai yake shingoni. Sisi watu wa kilimani nasi, tukiona tai tunadhani chini yake pana moyo!

"Kaka, yule mkaguzi anatafuta kijana mmoja," alisema. "Nimemtajia Fanuel. Ualimu achaneni nao."

"Tuukatae kabla hatujapata jibu?" Dinah aliuliza.

"Shemeji, Mzungu hapendi kijana anayetazama huku na huku. Subira huvuta heri."

Kisha akaomba maji. Mnaijua desturi yetu ya kutasa: mwenye kinyongo na mwenzake hutia maji mdomoni, akayapuliza nje, na kinyongo kikatoka nayo, ndipo baraka yake hushika. Thadeus ni mzee wa kanisa, akatupa jicho mlangoni kuona kama pasta yuko uani, lakini hakumzuia. Alexander akayapuliza maji mbele ya Fanuel. "Kama nina neno moyoni, litoke. Nenda mwanangu, njia iwe nyeupe." Dinah alilia kwa furaha.

Wakaukataa ualimu, wakangoja.

"Mkaguzi yuko likizo Ulaya," Alexander alisema. Baadaye akasema, "Amerudi, ila kazi zimemzidi." Mvua za vuli zikanyesha, chuo kikajaa, na Fanuel akawa analima kabichi amevaa shati lake la shule. Mwishowe alishuka Voi kuomba kazi yoyote ya reli.

Alikuwa pale stesheni garimoshi la Mombasa lilipoingia. Akashuka Mzungu mmoja, na nyuma yake, amebeba mkoba wa ngozi, alikuwa Donald, mwana wa Alexander. Ni Donald yule yule aliyenakili hesabu za Fanuel darasani!

"Donald, unafanya nini na huyu?"

"Si ndiye mkaguzi? Niko kwake tangu Pasaka." Donald alishangaa kweli. "Baba alituambia umekataa. Eti wewe unataka ualimu, usiende mbali na mama."

Fanuel aligeuka papo hapo. Alirudi Mwanda, akamweleza baba yake, na Thadeus akamwita mdogo wake.

"Wewe ulipokwenda shule, mimi nilibaki na mbuzi wangu na wako. Haya ndiyo malipo?"

"Kaka, mlango niliujua mimi. Ningemfungulia wako nimwache wangu nje?"

"Basi ungesema! Ungesema siku ile, mwanangu angekuwa chuoni sasa. Lakini wewe ulimbariki."

Hapo ndipo panaponiuma mimi, jamaa. Kumpendelea mwanao ni udhaifu wa kila mzazi, hata mimi ninao. Lakini kumfungia mwenzako mlango mmoja, kisha ukamshauri aufunge wa pili kwa mkono wake mwenyewe, huo ni ukatili. Kikulacho ki nguoni mwako.

Donald naye hakufika mbali. Mitihani ilimwangusha, akarudi. Alipojua amekikalia kiti cha nani, aliacha kula mezani kwa baba yake, akahamia Maungu na haji hata Krismasi. Alexander akaanza kukonda kwa ugonjwa ambao daktari hakuupatia jina. Wazee wakamwambia: nenda Mwanda, umwombe kijana akutasie.

Akapanda bila tai. Fanuel, ambaye sasa alikuwa karani wa mizigo Voi, alikuwa nyumbani Jumapili hiyo. Dinah akamletea kata ya maji. Fanuel akayatia mdomoni, akasimama mbele ya baba yake mdogo aliyepiga magoti. Tukangoja. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Kisha tukaona koo lake likipanda na kushuka. Aliyameza.

"Siwezi, Baba mdogo," alisema, machozi yakimtoka. "Nikiyapuliza na moyo haujataka, nitakuwa nimekubariki kama ulivyonibariki wewe."

Alexander akainuka mwenyewe, akashuka kilima.

FUNZO

Wewe unayeijua njia ya elimu, mwonyeshe mtoto wa mwenzako. Kama hutaki, mwambie wazi, naye atapita kwingine. Nawe mzazi, usimwachie mtu mmoja kesho ya mwanao, hata akiwa ndugu wa tumbo moja. Mwalimu mkuu alifika mpaka mlangoni kwa Thadeus, akanywa chai, na hakuna aliyemuuliza neno. Nenda mwenyewe ukaulize, wala mlango ulio wazi usiufunge kabla wa pili haujafunguka.

Na ukiletewa kata ya maji ilhali huna baraka moyoni, irudishe. Mtoto anaweza kuishi bila baraka yako. Bila njia hawezi.