Nyayo za Ginka

Haya yalimpata Zdravka, jirani yangu wa ukuta mmoja, na mpaka leo akiyasimulia lazima ateme mate kwanza.

Ilikuwa Jumamosi ya mwanzoni mwa Desemba. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka usiku, nyembamba kama unga uliochekechwa mezani. Zdravka na wifi yake Ginka, mke wa kaka yake, walifunga mkate na jibini ya kondoo, wakashika njia ya kupanda kwenye kikanisa cha Mtakatifu Iliya. Mlima wenyewe mdogo, hata vikongwe huupanda. Jua liliwaka, misonobari ikidondosha maji.

"Tembea, wifi! Au kaka yangu anakulisha mawe?"

"Angalau mimi nina wa kunilisha. Wewe umebaki na ufagio tu."

Katikati ya njia Ginka alivua buti. Kisigino kilikuwa kimechubuka, soksi imelowa damu. Matone machache yaliangukia thelujini. Akaguna, akarudisha buti, wakaendelea.

Kikanisani waliwasha mishumaa, wakala, wakaanza kushuka kwa njia ile ile, wakizifuata nyayo zao wenyewe.

Zdravka ndiye aliyeona. Nyayo zake zilikuwa vile vile alivyoziacha, alama za soli zikionekana wazi. Za Ginka zilikuwa laini, zinang'aa, kila moja imesafishwa kama sahani iliyolambwa. Udenda mzito ulining'inia kutoka jani hadi jani kando ya njia, umeganda nusu. Ulinuka maziwa yaliyochacha. Pale ilipodondoka damu hapakuwa na theluji tena. Hata udongo ulikuwa umeliwa, likabaki shimo la kutosha ngumi.

"Mbwa," Ginka alinong'ona. "Mbwa wa wachungaji."

"Mbwa gani anachagua, wifi?"

Ndipo wakasikia. Nyuma yao. Chwap. Chwap. Kimya kidogo. Chwap.

Zdravka akageuka. Alikuwa mwanamke, uchi, kwa magoti na viganja, mvi zikiburutika, uso umezama ndani ya unyayo wa Ginka. Hakuinua macho. Alimaliza mmoja, akatambaa kwenye wa pili. Ulimi ulikuwa wa kijivu, mpana kama kiganja, umenasa majani ya misonobari na mavi ya mbuzi. Alivimeza vyote.

"Usiangalie. Tembea."

Wakatembea. Wakaharakisha. Wakakimbia.

Ginka akaanguka.

Chwap. Karibu. Chwap. Karibu zaidi.

"Niache, wifi. Ananitaka mimi."

"Funga mdomo. Lete mguu!"

Zdravka alilivuta buti kwa nguvu zote. Soksi ilitoka na kipande cha ngozi, nzito, ya uvuguvugu. Akaitupa. Ikampiga yule kiumbe usoni, naye akaisukumia yote mdomoni, akaanza kuifyonza, macho ameyafumba kama mtoto anayenyonya. Damu na udenda vilimchuruzika kidevuni. Akavirudisha kwa ulimi.

Zdravka alitapika juu ya mikono yake mwenyewe. Kwa mikono hiyo hiyo akamvalisha Ginka buti mguu mtupu, akamwinua, wakashuka wameshikana mpaka barabarani. Hakuna kilichowafuata.

Nyumbani alimwekea beseni la maji ya chumvi, akalivua lile buti taratibu. Ute ukavutika kutoka ndani yake, mrefu, wa uvuguvugu, haukatiki. Ukanuka maziwa yaliyochacha.

Kisigino kilikuwa kizima. Hakikuwa na kidonda wala kovu. Unyayo wote haukuwa na mstari hata mmoja, mweupe, laini kama yai lililomenywa.

"Unauma?" Zdravka alinong'ona.

Ginka alikuwa ameangalia dirishani.

"Hapana. Bado ananitekenya."

Miaka imepita. Ginka yupo, anapika, anacheka, anamtania wifi yake kama zamani. Lakini anakata kucha za mguu mmoja tu. Ule mwingine hauna.