Ukimya wa Taji la Ziwa

Siku ya wazazi, uwanja wa interna ya Taji la Ziwa ulipendeza kama uwanja wa arusi. Shule hiyo ya bweni ya wasichana ilikuwa ufukweni, kwenye barabara ya Fizi, kabla hujafika Makobola. Kuta zake zilikuwa nyeupe, maua yamemwagiliwa vizuri, na Tanganyika imetulia chini yake. Wazazi waliketi kwenye majani wakifungua sufuria za wali na samaki wa mukeke wa kukaanga. Kati yao alikuwepo Pétronille, muuza vitenge wa soko la Nyamianda. Binti yake, Noella, alikuwa mwaka wa mwisho, tena kiongozi wa wasichana wakubwa, na mama yake alijua jinsi watu walivyomtazama.

Kando yake aliketi rafiki yake Generose, mkulima wa mpunga wa Lubarika, aliyekuwa na mtoto mmoja tu, Délice. Pétronille ndiye aliyemshawishi amlete huko. "Mama Délice," alimwambia, "mutoto akitoka mule ndani, kila mulango unamufungukia."

Siku ile Délice hakula. Alimshika mama yake kitambaa, akasema polepole, "Mama, turudi wote nyumbani. Wakubwa wa hapa wananitisha."

Noella akacheka kidogo. "Mama Délice, usiogope. Wapya wote iko wanalia. Nitamuchunga kama mudogo wangu."

Generose akamgeukia rafiki yake amsikie atasema nini.

"Muache azoee," Pétronille akasema. "Ukimurudisha leo, kesho atakulaumu."

Generose akamkumbatia mtoto wake, akaenda zake. Wazazi wenzangu, mtoto alikuwa amekwisha kusema. Watu wazima watatu walimsikia, ukimhesabu na yule msichana aliyejiona mtu mzima, na hakuna aliyemuuliza: wanakutisha na nini?

Jumapili iliyofuata Délice akapotea.

Prefe, yaani mkuu wa shule, Bwana Hyacinthe, aliita kamati ya wazazi, na Pétronille alikuwa mmoja wao. Prefe alisema kwa sauti ya huzuni kwamba msichana ametoroka na kijana, wamevuka mpaka kuelekea Bujumbura. "Tusikimbilie redio," akaomba. "Jina la shule likichafuka, ni watoto wenu watakaoteseka." Wote wakatikisa vichwa. Pétronille mwenyewe ndiye aliyepeleka habari hiyo kwa Generose.

"Kijana gani?" Generose akauliza. "Délice hajui hata njia ya kwenda mupakani."

Hata hivyo alivuka. Alizunguka Bujumbura na picha ya mtoto kwenye telefone, hospitali kwa hospitali, soko kwa soko. Aliporudi alikwenda kuketi mbele ya lango la shule, mpaka walinzi wakamfukuza. Mpunga wake ulikomaa bila mtu wa kuuvuna, ndege wakaumaliza.

Wakati huo Noella alikuwa amerudi nyumbani kujiandaa kwa mtihani wa Leta, ule wa serikali wa kumaliza shule. Alikuwa amekonda. Hakutaka kuoga. Akiona ndoo imejaa, alitoka chumbani. Mama yake alidhani ni malaria, akamnunulia dawa. Alasiri moja, mvua ikigonga mabati, msichana akasema bila kuinua kichwa:

"Mama, Délice hakutoroka. Iko mu maji."

Akaeleza yote. Kila mgeni alipelekwa ziwani Jumapili, wasimamizi wakiwa wamelala. Alilazimishwa kuingia mpaka aguse jiwe kubwa lililo mbele, ndipo ahesabiwe kuwa mmoja wao. Waliita jambo hilo ubatizo. Délice aliwaambia kwamba hajui kuogelea, kwamba kwao watoto wanakatazwa mto Ruzizi kwa sababu ya mamba. "Nikamuambia, hata minye nililia, na nilifika. Nikamusukuma. Wimbi likaja. Tulikimbia kumuita Prefe. Akatuambia tukifungua kinywa, sisi wote tutafungwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Mama. Mwaka wangu wa kwanza nilikupigia telefone, nikakuambia wananiingiza mu maji. Ukaniambia nivumilie, nisikutie haya."

Pétronille alikumbuka. Alikumbuka hata kwamba siku ile alikata simu haraka kwa sababu mteja alikuwa akingoja kitenge. Akakaa kitandani. Hapo, wasomaji, mlango wa kutengeneza mambo ulikuwa bado wazi. Angevaa viatu, akaenda Lubarika. Lakini alifikiria diploma, akafikiria majirani.

"Usimuambie muntu," akasema. "Ufanye mutihani kwanza. Kisha tutaona."

Siku za soko Generose aliendelea kuja Nyamianda. Alisimama mbele ya meza ya vitenge, macho yamezama ndani. "Mama Noella, bado hamujasikia kitu?" Na Pétronille alikunja kitambaa ambacho kilikuwa kimekwisha kukunjwa, akajibu, "Bado."

Asubuhi ya mtihani Noella alitoka na inifomu safi, mama yake akimsindikiza. Alipofika njiani akasimama.

"Siendi kule," alimwambia mama yake. "Minye naenda Lubarika. Weye uje ao ubaki."

Wakaenda wote wawili. Walimkuta Generose akifagia uwanja. Noella alipiga magoti juu ya vumbi, akasema kila kitu bila kujitetea. Generose alisikiliza ufagio ukiwa mkononi. Mwishowe akauliza jambo moja tu:

"Alisema nini mu maji?"

"Alikuita weye."

Generose akakaa chini. Kisha akamtazama Pétronille. "Na weye, ulijua toka lini?"

Pétronille alianza kukunja ncha ya kitenge chake.

"Nilikuwa nakuuliza," Generose akasema. "Kila soko nilikuuliza."

Siku hiyo hiyo walikwenda polisi. Habari ilipoenea, wavuvi wa Makobola wakaja kusema walichokijua. Siku chache baada ya Jumapili ile walikuwa wameokota maiti ya msichana majini. Walikwenda kuuliza shuleni, na Prefe akawajibu kwamba hakuna mtoto wake aliyezama. Basi katekista Cyprien na wanawake wa kijiji wakamzika kwa sala nyuma ya kanisa, bila jina. Katekista alikuwa ameweka medali ya Bikira Maria iliyokuwa shingoni mwake. Generose aliipokea kwenye kiganja, akaitambua, akalia kilio ambacho wanawake wa Makobola wanakizungumzia mpaka leo. Alipokuwa akimtafuta mtoto wake Bujumbura, wengine walikuwa wakimuogesha na kumfunika udongo.

Prefe alikamatwa, na shule ikafungwa. Noella alipelekwa mbele ya jaji wa watoto, na sasa yuko katika nyumba ya kurekebisha wasichana. Hana diploma. Mama yake humpelekea chakula, nao huketi pamoja, na Noella husema kwamba sasa anaweza kulala.

Misa ya Délice ilipofanyika Makobola, Pétronille alikwenda. Generose alikuwa mbele, ameshika msalaba mpya wenye jina la mtoto wake. Hakumfukuza rafiki yake wala hakumsalimu. Watu walipotawanyika alipita karibu naye kama unavyompita mgeni njiani. Siku hizi mpunga wake huuzwa soko lingine.

MAFUNZO

Wazazi, shule haiwi nzuri kwa sababu ya kuta nyeupe na majina makubwa. Ni nzuri pale mtoto anapolia na mtu akamuuliza sababu. Mtoto wako akisema anaogopa, acha kazi uliyo nayo mkononi umsikilize mpaka mwisho. Ukimfundisha kuvumilia ubaya bila kusema, kesho atawatendea wengine ubaya uleule, akidhani ndivyo maisha yalivyo.

Nanyi vijana, mateso mliyoyapata kwa wakubwa wenu si deni la kuwalipisha wadogo. Na yeyote anayejua ukweli wa mtoto aliyepotea, auseme leo. Pétronille alingoja ili aokoe jina na diploma. Vyote viwili vimepotea, na mama mwenzake aliendelea kumtafuta mtoto aliyekwisha kuzikwa bila jina.