Salamu za Rinshad

Wiki ya mwisho kabla ya Idi, Mtaa wa Mithai hapa Kozhikode, kusini mwa India, mtu hatembei, anasukumwa. Ashkar alisukumwa na mama mmoja mnene mwenye mifuko ya vitambaa mpaka akajibamiza kwenye meza ya watu, na chai ya msichana aliyekaa nyuma yake ikamwagika yote.

"Kaka, meza umeiona au nikuwashie taa?"

"Nisamehe dada, nimesukumwa."

"Wote husema hivyo. Toa simu ujiunge. Hiyo ndiyo faini yako."

Aliitwa Jaseela. Alivaa kanzu ya kijani kibichi, ushungi ukimteleza kila akicheka, na mikono ilinukia halua. Yeye na wenzake waliendesha mtandao wa kijamii usio na tajiri mmoja: kila kikundi kina seva yake, kompyuta ya kutunzia ujumbe wa wanachama, na seva zote zinawasiliana. Ashkar akafungua ukurasa wa kujiunga, akakuta orodha ya seva isiyo na mwisho.

"Nichague ipi?"

"Yoyote."

"Yoyote! Mimi nachora ramani za nyumba, dada. Ukimwonyesha mgeni milango yote hiyo, anarudi kwao."

Jaseela akamchagulia seva yake mwenyewe. Papo hapo ukaingia ujumbe: *Karibu sana. Mimi Rinshad. Umekula? Ukikwama, niite tu.*

"Rinshad ndiye nani?"

"Mwenye seva," alijibu Jaseela, akaanza kufuta chai iliyokwisha kukauka.

Siku ya pili Ashkar alipiga simu, eti ana wazo. Wazo alikuwa nalo kweli, ila hata asingekuwa nalo angepiga. Wakaanza kuchora ukurasa mpya: kitufe kimoja tu cha kuingilia, na atakayetaka kuhamia seva nyingine atahama akishazoea. Wakawa wanakutana kwenye mgahawa jirani na ufuko, mezani chai ya limau na ndizi za kukaanga.

"Wewe unakuja kwa kazi au kwa ndizi?"

"Ningekuja kwa ndizi ningekaa meza ile, ina kivuli."

Jaseela alicheka, akainama. Lakini kila wakikubaliana jambo, alisema, "Rinshad hapendi rangi hii," au, "Hilo Rinshad atalikataa." Ashkar akaanza kukosa usingizi. Siku moja akashindwa kuvumilia.

"Huyo Rinshad ni mchumba wako?"

"Ni mume wangu. Ndoa ilishafungwa, ilibaki karamu tu, nihamie kwao. Mvua ikamkuta na pikipiki barabara kuu." Alisema bila kumtazama. "Salamu aliitegesha mwenyewe, inamtokea kila mgeni."

"Kwa hiyo watu wanaongea na marehemu?"

"Wanaongea na Rinshad!"

Ashkar alirudi kwao. Wivu wa mtu aliye hai unajua pa kuupeleka, lakini huu aupeleke wapi? Akamwandikia rafiki yake Faizi ujumbe wa siri mtandaoni humo humo: *Nampenda @jaseela mpaka chakula hakipiti, lakini anaishi na maiti, na anataka nami niishi naye.*

Mgeni wa watu hakujua. Kule, ukilitaja jina la akaunti ya mtu ndani ya ujumbe wa siri, na yeye unamfikia.

Simu ikalia.

"Maiti ana jina, Ashkar."

"Jaseela, mpenzi, nisikilize..."

"Usiniite hivyo." Akakata, na hakupokea tena.

Ukurasa mpya ukafunguliwa bila wao kusemezana. Wageni wakamiminika. Hata hivyo wengi waliingia, wakakaa kidogo, wakatoweka. Jaseela, akitafuta sababu, akafungua akaunti ya Rinshad ambayo hakuwahi kuthubutu kuigusa. Ilikuwa imejaa. *Kaka Rinshad, nimekwama. Kaka, upo?* Na kati yao, ujumbe wa siku ile ya Mtaa wa Mithai: *Rinshad, mimi Ashkar. Ujumbe wa siri unatumwaje, ausome mtu mmoja tu?*

Jaseela alishika kichwa. Kumbe aliuliza, na aliyeulizwa yuko kaburini.

Akateremka hadi chini, akauona wa mwisho. Ulitoka kwa Bi Nabeesa, mama yake Rinshad, ambaye kitufe kile kimoja kilimwingiza bila msaada wa mtu. *Nimekula, mwanangu. Wewe je?* Kesho yake akaongeza: *Jana sikukupata.*

Akampigia Ashkar. "Njoo unichukue. Siwezi kwenda kwake peke yangu."

Bi Nabeesa aliwapokea barazani, simu iko mapajani. Jaseela alipiga magoti.

"Mama, si yeye. Ni salamu tu inajituma. Kosa langu."

"Najua, mwanangu. Nilimbusu wakimtoa kwenda kumzika, ningesahau? Ilikuwa raha tu kuulizwa." Akamtazama Ashkar aliyesimama ukutani kama aliyekuja kudai kodi. "Huyu ndiye anayekutoa machozi?"

"Ndiye."

"Basi izime hiyo salamu. Mimi ni mzee, nikingoja asiyekuja sipotezi kitu. Wewe utapoteza."

Jaseela akaizima pale pale, akalia kwa sauti kilio ambacho hakukilia msibani. Bi Nabeesa alimshika bega.

Langoni, mvua ikianza, Ashkar alisema, "Nataka kukuoa, Jaseela."

"Ukinioa, siku nyingine nitaamka nikuite jina lake."

Ashkar aliuma mdomo. Lilimuuma, tusidanganyane.

"Nitaitika," alisema.