Jaji Mstaafu wa Miaka Ishirini na Sita

Wazazi wenzangu, sikilizeni yaliyompata Yusta wa Igowole, hasa wewe unayejisifia mwanao msomi.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa unapanda taratibu kutoka kwenye mashamba ya chai. Yusta, mjane, alikuwa ameshachuma, viazi vinachemka jikoni, redio ya jirani inaimba kwaya. Moyo wake ulikuwa umetulia. Mara shemeji yake Kasian, mdogo wa marehemu mumewe, akaingia shambani na panga, akaanza kukata alama mpakani.

"Kamwene, shemeji," alimsalimia Kihehe, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. "Shamba hili ni la baba yetu. Marehemu aliazimwa tu. Mimi nataka kupanda milingoti, nipate mbao."

"Aliazimwa na nani? Nimelilima tangu nilipoolewa!"

"Tutaona."

Yusta alijua pa kukimbilia: kwa Shedrack, mtoto wa mdogo wake aliyeolewa Uyole. Siku ya mahafali ya kijana huyo pale Iringa, mshereheshaji alitangaza, "Mheshimiwa Jaji Mkuu Mstaafu!" Ukumbi ukasimama. Yusta alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Jambo moja tu halikumwingia akilini: kijana wa miaka ishirini na sita amestaafu lini, na alichoka na nini? Lakini hakuuliza. Nani anauliza maswali kwenye sherehe?

Na Shedrack hakusema. Alikuwa Jaji Mkuu wa mahakama ya serikali ya wanafunzi. Waliamua malalamiko ya uchaguzi wa viongozi wa mabweni, na nani kachana bango la nani. Kazi nzuri, inamkomaza kijana. Ila aliporudi Uyole bila ajira, watu waliendelea kumwita Jaji, naye akaendelea kuitika.

Yusta alipompigia simu, Shedrack alifika Igowole na Sabina, aliyekuwa jaji chini yake chuoni. Kwenye begi walikuwa na majoho yao meusi. Wakaweka meza uani, wakamwita Kasian, naye akaja amenywea, kofia mkononi.

"Mlalamikiwa, simama unapozungumza na mahakama."

"Nimesimama, mheshimiwa."

"Simama vizuri."

Wakasikiliza pande zote mbili, wakaenda nyuma ya banda la ng'ombe kushauriana. Waliporudi, Shedrack akatamka kwamba shamba ni la Yusta na Kasian asilikanyage tena. Nyundo hawakuwa nayo, akagonga meza kwa mwiko wa ugali.

Yusta alichinja jogoo. Sabina alikula kidogo sana. Yusta akadhani ni haya ya ugenini.

Baadaye ukaja wito: Kasian amefungua shauri kwenye baraza la ardhi la wilaya, Mafinga. Yusta akachanganyikiwa. Kesi si imekwisha? Akampigia Shedrack.

"Mama mkubwa, usiende. Shauri likishaamuliwa haliamuliwi mara mbili. Ndiyo kanuni."

"Lakini mtendaji wa kijiji ameniambia nisikose."

"Mtendaji amesomea sheria?"

"Kwani wewe baba, si ulisomea ualimu wa historia?"

"Mama mkubwa, mimi nilikuwa Jaji Mkuu."

Hakwenda. Wito wa pili ukaja, hakwenda. Baraza likasikiliza upande uliofika, likampa Kasian shamba.

Yusta alijua siku alipokuta vibarua wanang'oa chai yake. Nusu ya shamba ilikuwa mashimo matupu.

"Acheni! Huyu alishahukumiwa!" alipiga kelele.

"Na nani, shemeji?" Kasian alicheka. "Jaji wako nimemuulizia Mafinga nzima, hawamjui. Mahakama yake ina askari? Ina rumande? Hata mwiko aliogongea ni wako."

Yusta alikaa chini kwenye udongo. Kasian alisimama uani akaitikia mheshimiwa, leo anacheka. Majoho aliyaona kwa macho yake. Sasa hukumu ya kweli ni ipi? Alimpigia Shedrack, simu imezimwa. Akampigia Sabina.

"Mama, sisi si majaji," Sabina alisema, analia. "Tulikuwa viongozi wa wanafunzi. Siku ile nilijua tunakosea. Nilinyamaza kwa sababu yeye ni bosi wangu."

"Bosi wako wapi, na chuo mmemaliza?"

Sabina alifanya jambo la maana: alipanda basi mpaka Uyole, akamtoa Shedrack chumbani alikojifungia, na wote watatu, pamoja na Yusta, wakaenda Mafinga kuomba shauri lifunguliwe upya.

"Kwa nini hukuitikia wito?" mwenyekiti wa baraza alimwuliza Yusta.

"Nilikatazwa na jaji, baba."

"Jaji yupi?"

Yusta aligeuka nyuma. Shedrack alikuwa anatazama viatu vyake. Kama angenyamaza, mama yake mkubwa angeonekana mwongo na shamba lingekwenda moja kwa moja. Akasimama.

"Mimi, mheshimiwa."

"Wa mahakama ipi?"

"Ya… ya wanafunzi. Chuoni. Zamani."

Watu walicheka mpaka karani akawanyamazisha. Sabina akasimama kando yake. "Na mimi nilikaa naye mezani," alisema.

Shauri lilifunguliwa upya, na Kasian akazuiwa kuingia shambani mpaka litakapoamuliwa. Lakini chai iliyong'olewa imeng'olewa. Ukipanda leo, utangoja miaka kuchuma. Waliporudi, Yusta alisimama kati ya mashimo, Shedrack nyuma yake.

"Mama mkubwa, nisamehe."

"Nitakusamehe," alisema bila kugeuka. "Ila kwa sasa sijui hata nikuite nani."

Fundisho

Vijana, uongozi wa chuoni ni shule, na shule ina siku ya kumaliza. Mtu akikuita jaji na wewe si jaji, mrekebishe hapo hapo, kabla hajakuletea shamba lake. Nawe uliye pembeni unayejua ukweli, sema. Ukinyamaza, kosa ni lako pia. Na sisi wazazi tusione aibu kuuliza, hata katikati ya vigelegele: mwanangu, cheo hiki ni cha wapi? Wito wa baraza ukija, nenda wewe mwenyewe.