Arusi Ndani ya Diski

Diski ilinukia hina. Iliasi, fundi wa kompyuta, aliinusa mara mbili dukani mwake, maana Hidaya alikuwa ameitoa kwenye mfuko wa samaki wakavu wa Nyangwe, na harufu ya samaki haikuigusa.

"Ilianguka?"

"Mutoto aliiangusha. Sasa inagonga-gonga tu."

Ndani ya diski hiyo, ya kuunganishwa na kompyuta kwa waya, mlikuwa na arusi ya Chadia, mdogo wake Hidaya, aliyefariki akimzaa Faridah. Simu iliyopiga filamu iliibwa Salamabila, na nakala nyingine haikuwepo. Faridah, anayelelewa na Hidaya, hajawahi kusikia sauti ya mama yake.

Lakini ilikuwa filamu ya chumba cha wanawake: bibi arusi akipakwa hina, vichwa wazi, wanaume wote nje.

"Utairudisha bila kuangalia," Hidaya alisema.

"Nitajuaje kama imerudi muzima?"

"Mi nitaangalia. We utageukia ukuta. Ukigeuza shingo, fundi, Kasongo yote itasikia leo hii."

"Mama Faridah, kwangu niko na muke mukali kuliko we. Sitageuka."

Aliiunganisha diski na kompyuta. Programu ingenakili filamu polepole kwenye flashi huku ikionekana kwenye skrini, ikiruka palipoharibika na kuparudia baadaye. Alimwonya kwamba ikikatwa katikati, diski huenda isizunguke tena. Hidaya akakaa mbele ya skrini, akavaa hedifoni. Iliasi akageukia ukuta.

Nyuma yake diski iligonga tatu, ikanyamaza, ikagonga tatu. Diski mbovu hugonga bila kujali mtu. Hii ilinyamaza kila Hidaya alipofungua mdomo.

Mwanzo alicheka. "Yee, Chadia! Ona meno!" Akaanza kuimba pamoja na wale wa kwenye filamu, wimbo wa kumwita bwana arusi aliyesimama mlangoni: "Fungua mulango, Hamadi iko inje." Akalia kidogo.

"Fundi, uliongeza kitu humu?"

"Niongeze nini?"

"Iko muke amekaa karibu na Chadia, amejifunika mpaka uso. Mi ndiye nilishika simu siku ile. Najua kila mutu aliyekuwa mule. Huyu hakuwamo."

Iliasi alihisi anatafutiwa kosa, ili baadaye isemwe kwamba alichungulia. "Labda shangazi ya Hamadi."

"Shangazi ya Hamadi alikuwa anapika." Kiti kililia. "Anageuka. Ananiangalia."

Kisha akaanza kusema kwa sauti ya chini, na hakuwa akisema na Iliasi.

"Hidaya." Kimya. "Ndiyo, mi dada yake." Kimya, kirefu zaidi. "Hapana. Mutoto hapana. Mutoto umuache."

Iliasi aliupeleka mkono nyuma bila kugeuka, akapapasa meza hadi akaugusa waya, akakumbuka kwamba akiuvuta Faridah hatamsikia mama yake maisha yake yote, akafikiri pia kwamba huenda huu ni mchezo tu wa kumfanya ageuke ili aaibishwe, na muda wote huo harufu ya hina ilikuwa ikipanda, mbichi, karibu na sikio lake, kama vile mtu ameinama juu ya bega lake akiwa na bakuli mkononi.

"Mama Faridah, unasema na nani? Nizime?"

"Usizime! Chadia anaimba!" Akashusha sauti. "Anauliza nani amekaa kule, ametupa mugongo."

"Usimujibu."

Diski ikagonga tatu. Ikangoja.

"Iliasi," Hidaya akasema.

Kugonga kukakoma. Kompyuta ikatoa mlio: kazi imekwisha.

Aligeuka. Skrini ilikuwa nyeusi. Hidaya alikuwa ameshachomoa flashi yenye nakala na kuifunga kwenye pindo la kitenge.

"Umemupa jina langu?"

"Sikusema kitu."

"Nimesikia."

"Alitaka mutoto, fundi. Ungefanya je?" Aliondoka bila kumtazama usoni.

Iliasi aliichomoa diski. Iliendelea kuzunguka juu ya meza, haina waya. Akatoka, akauvuta mlango, akasimama juani. Pikipiki zilipita na mizigo ya kwenda Wamaza, mwenye duka la jirani akamsalimu, naye akaitikia, na kidogo kidogo akaanza kujicheka. Simu yake ilikuwa imebaki ndani. Akausukuma mlango.

Ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Duka lilikuwa na chumba kimoja, mlango mmoja, na dirisha lenye nondo. Aliweka sikio kwenye ubao. Harufu ya hina ilimjia kutoka chini ya mlango, na nyuma yake ngoma, na sauti za wanawake, wengi kuliko wanaoweza kuenea katika chumba kile, wakiimba bila haraka wimbo uleule aliousikia kwa Hidaya.

"Fungua mulango, Iliasi iko inje."

Wakapiga vigelegele. Kisha, upande wa pili, mtu akavuta komeo.