Mkoba Asioupima Mkaguzi wa Mizani

Jamani, vuteni viti. Mwenye kucheka acheke mapema, maana mbele kidogo kuna mahali pa kunyamaza.

Nyumba ya Mama Kadogo ilikuwa haifungwi mlango mchana. Jumamosi ndiyo usiseme. Barazani yuko mumewe, fundi viatu, misumari mdomoni na nyundo mkononi. Mkekani wako majirani, wanamenya njegere na kuwamenya watu. Katikati yao anapita Kadogo mwenyewe, binti wa miaka miwili na nusu, anahama paja hadi paja kama barua isiyo na anwani. Lakini jioni ikiingia, apakatwe na nani asipakatwe, usingizi wake ulikuwa begani kwa mama. Tena bega la kushoto. La kulia alikuwa halitaki, na sababu aliijua yeye.

Mama Kadogo alikuwa mkaguzi wa mizani. Siku nne za kila wiki yuko njiani, soko hili hadi lile, akihakikisha kwamba kilo ya muuza nyama ni kilo kweli. Mkobani alibeba mawe yake ya kupimia, vyuma vya kilo sita ambavyo havipunguzwi hata chembe, vitabu vya vyeti, na kompyuta ya kupakata ya kuandikia ripoti. Siku moja kompyuta ile ikazimika, isiwake tena. Bosi wake akamwambia, "Nenda dukani ukachague inayokufaa wewe. Ofisi italipa."

Inayokufaa wewe. Lishikeni neno hilo, wapenzi, tutalirudia.

Angekwenda peke yake, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini habari ilishafika mkekani, na safari ya dukani ikawa ya watu wanne: yeye, majirani wawili waliokuwa hawana kazi siku hiyo, na kaka yake mkubwa, ambaye mtaa mzima humwita Najua kwa sababu ndivyo anavyoanza kila sentensi.

Muuzaji, dada mmoja mpole mwenye miwani, akauliza, "Dada, utakuwa unaitumia wapi zaidi?"

Swali lilikuwa la Mama Kadogo. Jibu likatoka kwa Najua.

"Najua unataka kutupatia hicho kijidaftari. Huyu ni ofisa, dada yangu! Akiingia sokoni watu wanatengeneza kola. Sasa atoe kitu kama kisahani cha kikombe?"

"Lakini kama ni mtu wa safari, kaka, hii ndogo ina kilo moja na kidogo, na betri yake inakaa siku nzima..."

"Tuletee ile pale." Akaonyesha kompyuta yenye kioo kama dirisha na chaja kama tofali.

Mama Kadogo alikuwa ameshaiinua ile ndogo kwa mkono mmoja. Mkono uliipenda. Vidole vilijaribu herufi zake, vikakaa vizuri. Akawatazama majirani, akaona midomo imeanza kubinuka, akazisikia hadithi za mkekani hata kabla hazijasimuliwa. Akairudisha mezani taratibu.

"Basi. Hiyo kubwa."

Jioni ile kompyuta ilitembezwa barazani kama bibi harusi. "Hii si kompyuta, hii ni televisheni!" alisema jirani mmoja. Najua akavuta shati lake mbele. Ni fundi viatu peke yake aliyeinyanyua, akairudisha chini, akasema "Mh," kisha akaendelea na kisigino alichokuwa nacho.

Safari zikaanza. Ndani ya basi kompyuta haikufunguka, kwa sababu kiti cha mbele kilikigusa kioo. Sokoni betri ilikata kabla ya saa sita, na hapo ndipo palipokuwa na aibu yenyewe: mkaguzi anamwomba umeme muuza nyama ambaye mizani yake amekuja kuikagua. Muuza nyama anatabasamu, anampa waya, na tabasamu lile Mama Kadogo hakulipenda. Akaacha kuomba. Ripoti zote akawa anaziandika nyumbani siku ya Ijumaa, mgongo kwa mwanawe.

Na bega? Bega la kushoto ndilo lililokuwa la mkoba. Mwezi wa pili lilianza kuwaka moto. Mwezi wa nne alikuwa anavaa nguo kwa kuanzia mkono mmoja, mlango umefungwa, asionekane. Ungemuuliza angesema amelala vibaya. Atasemaje, wakati kitu chenyewe kilishasifiwa na mtaa mzima?

Alhamisi moja akarudi, mkoba umemning'inia. Kadogo akatoka mbio, mikono juu. "Mama, juu!"

Akainama, akamnyanyua. Mtoto alifika kiunoni, mkono ukakataa. Kadogo akateleza, akakalia mkoba, akalia kwa mshangao kuliko kwa maumivu. Hakuumia.

Hicho sicho kilichomvunja Mama Kadogo. Kilichomvunja ni Alhamisi iliyofuata. Mtoto alitoka mbio vilevile, akafika, akanyoosha mikono, halafu akakumbuka. Akaikunja mwenyewe, akaishika sketi ya mama yake na kuipapasa kidogo, kama mtu anayempa mwenzake pole. Kisha akaenda kupakatwa na baba.

Mama Kadogo akaingia chumbani, akakaa kitandani.

Mumewe akamfuata na mkoba mkononi. "Mama Kadogo, mkanda huu nimeushona mara tatu tangu ile kompyuta iingie humu. Uzi wangu haukatiki hivi hivi. Mizani yako ya ndoano iko wapi?"

"Ya nini?"

"Nipe tu."

Akaitundika mizani kwenye komeo la dirisha, akaning'iniza mkoba. Mshale ukashuka, ukatulia kwenye kilo kumi na mbili. Akaenda barazani, akarudi na mtoto anayecheka, akamkalisha kwenye kanga, akaifunga kanga ndoanoni, mikono yake tayari chini. Kumi na mbili.

"Kumbe una mtoto mwingine huko njiani," alisema fundi viatu. Alitaka iwe utani, lakini sauti ikamgeuka. "Yule unambeba siku nne. Huyu wa kwako ndiye humwezi."

"Miaka tisa napima vya watu," mkewe akasema, machozi yakimtoka. "Changu sikukipima."

"Mawe hayapunguzwi. Kinachopungua ni kile kingine."

"Watanisema, Baba Kadogo."

"Watasema wakiwa wamekaa. Wewe ndiye unayetembea."

Jumatatu akaingia kwa bosi, akasema bila kuzunguka: nilichagua vibaya, nilichagulia macho ya watu. Bosi akaguna, akakubali ofisi inunue nyingine, akaitoa ile kubwa kwa karani wa masjala, ambaye hajawahi kuivusha kompyuta mlango wa ofisi, na ambaye macho yake yalikililia kioo kikubwa siku nyingi. Kila mtu akapata chake.

Safari hii Mama Kadogo alikwenda dukani na mumewe tu, na ile mizani ya ndoano. Dada wa miwani alicheka mpaka akaivua miwani.

"Utaitumia wapi zaidi, dada?"

"Garini. Magotini. Sokoni nimesimama." Akapima kompyuta, kisha akasema, "Na chaja yake pia, tafadhali, maana nayo haitembei kwa miguu." Zote mbili hazikufika kilo moja na nusu. Akaandika ukurasa mzima, akakikagua kioo mlangoni penye jua. Hapo ndipo aliposema, "Hii ndiyo inayonifaa mimi."

Fundi viatu akakata ngozi, akashona mkoba mpya wa mgongoni, mikanda miwili, mfuko wa kompyuta umekaa karibu na uti wa mgongo. Vitabu viwili visivyohitajika njiani vikabaki ofisini. Najua alikuja, akatazama, akaanza, "Najua..." Dada yake akamtazama. Akamalizia, "...njegere zimeiva?"

Bega halikupona siku moja. Zilipita wiki nyingi za kulikanda. Lakini ikafika Alhamisi, Mama Kadogo akauvua mkoba mlangoni, akapiga magoti, akafungua mikono bila kuombwa. Kadogo alimtazama kwanza, akataka kuwa na hakika. Kisha akapanda. Akalipita bega la kulia, akalaza shavu kushoto, na kabla maji ya chai hayajachemka alikuwa amelala.

Mkekani hakuna aliyesema neno. Na nyinyi mnawajua wale.

FUNZO

Ndugu zangu, ukienda kununua chombo cha safari, ukiulizwa swali, ulijibu mwenyewe. Kinyanyue, kipime pamoja na vyote vinavyofuatana nacho, ukumbuke ni bega la nani litakalokibeba. Wanaokisifu watarudi makwao mikono mitupu, na mzigo utabaki na wewe. Tena usifiche maumivu kwa kuogopa kuchekwa, maana nyumbani kuna anayekungoja, na anahitaji mikono yako yote miwili.