Mkeka Wenye Ukili Uliopinda

Kila siku nikitoka shule, hata kabla sijavua sare, nilimkuta bibi yangu, Bimkubwa, amenyoosha miguu barazani na rundo la ukindu pembeni yake. Kazi yangu ilikuwa kuchana. Majani yale yakishaanikwa yakawa meupe, unayachana kwa ukucha yawe membamba, yote upana mmoja. Bibi anayasuka kuwa ukili, yaani utepe mrefu. Kili zikitosha, anaziunga kwa shazia, ile sindano kubwa, na hapo ndipo unapatikana mkeka. Kazi ile niliijua kama nilivyojua kusonga ugali, na kwa sababu hiyohiyo sikuiona kuwa ni kitu.

"Mke mwenzangu, huo umeuchana mpana," bibi alikuwa akiniambia bila hata kutazama. Aliupitisha kidoleni tu, akajua.

"Si utafichika, bibi?"

"Machoni utafichika. Mgongoni mwa atakayelala hautafichika. Chana upya."

Nilinuna, nikachana upya.

Nazungumzia kijiji chetu cha Baleni, kisiwani, mwaka 1974, miaka ile ya ujamaa, asubuhi watu wakienda pamoja kupalilia shamba la kijiji na jioni kila mmoja akirudi kwenye shughuli zake. Mimi, Mwanahija, nilikuwa darasa la sita. Mkeka uliokuwa ukisukwa mwaka ule ulikuwa wa harusi ya dada Mwanasha, binti wa mama mkubwa, ambaye angeolewa Ijumaa ya kwanza baada ya sikukuu ya Saba Saba. Bibi aliusuka miezi tisa, kwa rangi tatu, nyekundu, zambarau na kijani, na michoro yake aliitunga mwenyewe kichwani. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alikwishatuambia wote kwamba huo ndio mkeka wake wa mwisho. Siku alipoumaliza aliukunja, akaufunga ndani ya kanga mpya, akauweka chini ya kitanda chake.

Shuleni tulikuwa na Mwalimu Isdory, kijana wa Bukoba. Alipofika kisiwani alikuwa hajawahi kumwona pweza, na mara ya kwanza alimla amefumba macho. Tulimcheka, lakini tulimpenda, maana hakuwa na kiburi. Siku moja alituambia kuwa Saba Saba kutakuwa na maonyesho mjini Kilindoni, na kila mwanafunzi alete kazi moja ya sanaa iliyotoka mikononi mwake.

"Mwalimu, sanaa ndiyo picha?" aliuliza Kombo, aliyekuwa akikaa nyuma yangu.

"Picha ni sanaa. Na kinyago, na chungu, na mkeka."

Darasa zima lilicheka. Kombo akasimama tena, uso umejaa utundu. "Mwalimu, basi mdogo wangu kila usiku anaikojolea sanaa!"

Mwalimu naye alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema, "Wakoloni walitundika picha zao ukutani wakaziita sanaa. Vitu vyetu wakaviita kazi za mikono tu, kwa sababu tunavitumia. Nani aliyesema kwamba kitu kikitumika si sanaa? Kafikirini nyumbani."

Mimi sikufikiri lolote. Nilitaka picha, kwa kuwa picha ndiyo iliyokuwa ikisifiwa. Nilichora ng'ombe, akatoka kama meza yenye pembe. Nikafuta, nikachora tena, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Kombo alikuwa amechonga mwiko wenye mpini wa umbo la samaki, tena samaki mwenye magamba. Ilipofika Ijumaa, darasa zima mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sina kitu.

Jumamosi asubuhi bibi alikwenda shamba la kijiji. Niliingia chumbani kwake, nikainama, nikauvuta ule mkeka. Nilijiambia kuwa maonyesho ni siku moja tu, Jumapili jioni utakuwa umerudi chini ya kitanda, na wala bibi hatajua. Nikaupeleka shuleni, ambako mwalimu alikuwa akipokea kazi zetu.

Mwalimu Isdory aliukunjua juu ya madawati mawili, akautazama kona kwa kona. "Mwanahija," alisema hatimaye, "umeusuka mwenyewe?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema ni wa bibi, na pengine angeupokea vilevile. Lakini macho ya wenzangu yote yalikuwa kwangu, na nilikuwa sijapata kutazamwa hivyo maishani mwangu.

"Ndiyo, mwalimu," nikasema.

Kesho yake Kilindoni palijaa watu. Kila kijiji kilileta nazi zake, mihogo yake na korosho zake. Kazi za wanafunzi zilipangwa ndani ya banda la makuti, na mkeka wetu ukapigiliwa misumari minne ukutani, mahali pa kuonekana kuliko vyote. Chini yake palibandikwa kadi yenye jina langu, na juu yake kibao: USIGUSE. Mgeni aliyetoka mkoani, bwana wa mambo ya utamaduni, mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni, alisimama pale akatikisa kichwa kwa furaha.

"Hii ndiyo sanaa ya Taifa!" alisema. "Mtoto wa darasa la sita! Mkeka huu kesho asubuhi nauchukua kwenye boti. Unakwenda Dar es Salaam, utatundikwa katika jumba kubwa, wageni wa nchi zote wauone."

Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nahesabu siku. Boti kesho, harusi Ijumaa.

Nikiwa bado nimeduwaa, nililisikia lori la kijiji likishusha wazee wa Baleni. Kwa miaka mingi bibi alikuwa hajafika Kilindoni, na mimi nilitegemea hivyo. Kumbe mwenyekiti aliwaambia kina mama wazee nao waje, wasibaki nyuma kwenye sherehe ya nchi yao. Nikamwona anaingia bandani, amemshika mkono jirani yetu, anatembea polepole huku akikodoa macho.

Alikwenda moja kwa moja kwenye rangi. Kibao hakukiona, au alikiona asikijali. Akanyoosha mkono, akaupitisha juu ya kili, moja baada ya nyingine, mpaka vidole vyake vikafika kwenye msumari. Hapo vikasimama.

"Bibi, usiguse, tafadhali," alisema yule bwana kwa upole.

"Samahani, mwanangu," bibi alijibu. "Ni wa nani?"

"Wa mwanafunzi huyu hapa. Unakwenda Dar es Salaam."

Bibi aligeuka akanitazama. Nilingoja anitaje mbele ya watu wote. Nilitamani hata anitaje, yaishe. Lakini yeye alisema tu, "Mkeka mzuri. Aliyeusuka, Mungu amlinde macho yake."

Kisha akanyamaza. Nikaelewa kuwa angeuacha uende. Angeuacha mkeka wa miezi tisa, mkeka wake wa mwisho, kuliko kuniaibisha mbele ya mgeni. Sijapata kupigwa kofi lililoniuma kuliko ukimya ule. Machozi yalinitoka kabla ya maneno.

"Si wangu," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi nirudie. "Si mimi niliyeusuka. Ni wa bibi yangu huyu. Nimeuchukua chini ya kitanda chake bila ruhusa. Ni wa harusi ya dada Mwanasha, Ijumaa hii."

Mwalimu Isdory aliinamisha kichwa, na mimi nikajua kuwa nimemuumiza mtu wa pili. Bwana wa mkoani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Shikamoo, bibi," alisema Mwalimu Isdory akimsogelea.

"Marahaba, mwanangu."

"Nisamehe. Nimeupigilia misumari mkeka wako."

"Matundu manne tu. Nitayaziba," alisema bibi. "Lakini niambie, mkiutundika ukutani atalala nani juu yake, mijusi?"

Watu waliangua kicheko, na hata mimi, kwenye machozi yangu, nusura nicheke. Mwalimu naye alitabasamu.

"Bibi, nimelala juu ya mikeka tangu nije kisiwani, na sikuwahi kuitazama. Nilipouona huu umesimama ukutani ndipo nilipoona kuwa mtu ameketi akawaza, akachagua rangi, akahesabu. Wewe ni msanii."

"Mimi ni mtu wa mikeka," alisema bibi. Hata hivyo niliona analifikiri neno lile. Baadaye akaendelea, "Haya. Kama ukutani ndiko mnakojifunza kuuona, basi ukae hapo leo mpaka jua lishuke, uonekane. Siku zinabadilika, na kazi ya mkeka nayo ibadilike, sina ugomvi. Ila ondoeni hicho kibao. Mkeka usioguswa utajuaje kama umesukwa vizuri?"

Bwana wa mkoani alikitoa kibao mwenyewe kwa mkono wake. Akachukua kalamu, akalikata jina langu kwenye kadi, akaandika: Bimkubwa wa Baleni. Mchana kutwa watu walipita wakiupapasa, na kina mama walimwuliza bibi mchoro huu ameutoa wapi, ule wa kona ameuanzaje. Bibi alikaa kwenye kiti walichomletea, akijibu mpaka sauti ikamkauka. Nilikuwa sijawahi kumwona amefurahi namna ile. Boti iliondoka kesho yake bila mkeka, na yule bwana akaahidiwa mwingine, wa kina mama wengine wa kijiji.

Nyumbani nilingoja adhabu. Bibi hakugusa fimbo. Aliniwekea fungu la ukindu mapajani.

"Ulisema umesuka mkeka," aliniambia. "Basi suka. Ukili mmoja, urefu wa mkeka wa dada yako. Nautaka Alhamisi."

Nilijua kuchana, kumbe kusuka sikujua. Siku ya kwanza nilisuka nikafumua, nikasuka nikafumua. Siku ya pili vidole vilichanika, bibi akanipaka mafuta ya nazi, akaniambia niendelee. Siku ya tatu mkono ulianza kukumbuka wenyewe kabla ya kichwa. Nilipofika katikati ya utepe wangu nikawaza kuwa mkeka mzima una kili kama huu zaidi ya ishirini, tena zilizonyooka, tena zenye michoro, na zimesukwa na macho yenye ukungu. Hapo nilimlilia bibi. Sikulia kwa kuchoka. Nililia kwa kumwona.

Alhamisi nilimpa ukili wangu. Ulikuwa umepinda sehemu mbili. Bibi aliupapasa kutoka mwanzo hadi mwisho, na pale palipopinda alisimama, akapapasa tena. Kisha akaukunjua mkeka wa harusi, akachukua kisu, akaufumua ukili wa ukingoni.

"Bibi, unaharibu!" nilipiga kelele.

"Naharibu nini? Nishikie shazia."

Akauondoa ukili wake mzuri, mnyoofu, akaushona wangu mahali pake. Mimi nilimpitishia uzi kwenye tundu la shazia, kwa kuwa yeye halioni.

Ijumaa nyumba ilijaa wageni. Mwalimu Isdory alialikwa, akavua viatu, akakaa juu ya mkeka pamoja na wazee, sahani ya pilau mbele yake, akijisogeza kila mara asiumwagie mchuzi. Dada Mwanasha alipooneshwa mkeka wake aliinama kuushika, kisha akacheka. "Bibi, huku ukingoni mbona pamepinda?"

"Hapo ni pa Mwanahija," alijibu bibi, kwa sauti ya kusikika na watu wote. "Nami nimepaita kwa jina lake."

Nilijificha nyuma ya mlango kwa haya, huku nimejaa furaha ambayo sijui niieleze vipi. Bibi alinifuata huko huko, akanishika bega.

"Sikiliza, mke mwenzangu," alisema. "Mkeka utalaliwa, utatundikwa, utazeeka, utakatwa uwe wa kuanikia mpunga. Kazi zake zitabadilika, na hakuna ubaya. Lakini mkono ulioufanya haubadiliki, na usimnyang'anye mtu mkono wake. Ukili wako umepinda, lakini ni wako. Ule mwingine wote ulikuwa umenyooka, na ulikufanya wewe mwongo."

Nilimwomba radhi, akanipa. Kisha nikamwambia asante, kwa ukili, kwa kunyamaza kule Kilindoni, na kwa kunipa ukingo wa mkeka wake wa mwisho. Bibi alicheka, akanisukuma ukumbini nikakae na wageni. Nilikwenda nikakaa pale pale palipopinda.